Soketi nyekundu na ekstensheni ya dukani

Mbukwenyi wasomaji. Mavuno yameisha, sendofu na harusi zinafuatana kama mabehewa, na barua karibu zote za mwezi huu zinauliza umeme wa jukwaani. Nimechagua tatu na nusu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inanigusa mahali, mtaona wenyewe.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka miwili kwenye kazi ya muziki wa sherehe. Nina amplifaya tatu, bezi nne, spika za juu nne, mikisa, taa kumi na mbili za LED na mashine ya moshi. Nimepata harusi kwenye ukumbi ambao nyuma ya jukwaa kuna soketi kubwa nyekundu ya matundu matano, imeandikwa 32A. Msimamizi anasema soketi za ukutani huwa zinakata muziki ukikolea, hivyo wote wanatumia hiyo nyekundu. Rafiki yangu ana plagi yake. Anasema tuifunge kwenye ekstensheni yangu ya njia sita, tuchukue waya mmoja wa moto na nyutro, basi. Ninachoogopa ni hizo ampea 32. Hazitaunguza amplifaya zangu zilizoandikwa ampea 8? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeogopa kisicho na madhara, na chenye kuua umekiandika kwa mstari mmoja kama mtu anayeagiza chumvi.

Tuimalize hofu yako kwanza. Ampea hazisukumwi, huvutwa. Simtanki la lita 5,000 likiwa juu ya paa halikulazimishi kunywa zaidi ya kikombe chako. Kinachosukuma ni volti, na kati ya waya mmoja wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), soketi ya ukutani na hiyo nyekundu zote zinatoa 230. Amplifaya yako itavuta inachohitaji na kuishia hapo. Namba 32 inakwambia soketi inaweza kutoa kiasi gani kabla breka yake haijakata.

Sasa hiyo ekstensheni. Breka ya ampea 32 iliyo kwenye sanduku la ukumbi iliwekwa ilinde waya unaotoka sandukuni hadi kwenye soketi, na kama fundi wake alikuwa mkweli huo ni waya wa milimita za mraba 6 au zaidi. Breka haijui wewe umeunganisha nini mbele yake. Ekstensheni ya dukani ina waya wa milimita 1.5, tena mara nyingi hiyo 1.5 ni ya kwenye maandishi tu. Ukiukata unakuta shaba kama nywele za mtoto mchanga. Kilichokuwa kinaulinda waya huo siku zote ni fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi ya kawaida ya pini tatu bapa. Rafiki yako akiikata plagi ile na kufunga nyekundu, ameitupa fyuzi pamoja nayo.

Piga hesabu ya usiku wenyewe. Mashine ya moshi ya wati 1,500 inavuta kama ampea 6.5. Mama mmoja wa kamati ya chakula atakuja na birika la wati 2,000, atatafuta tundu, atalipata kwenye ekstensheni yako kwa sababu ndiyo iliyo karibu na meza ya chai. (Nimefanya kazi hii tangu enzi za kaseti na birika hilo halijawahi kukosa.) Hapo kuna karibu ampea 9 nyingine. Amplifaya tatu wakati wa kufungua muziki, weka 10. Mmefika 25. Kwa breka ya 32 hiyo ni hali ya kawaida kabisa, haina sababu ya kukata. Waya wako ndio unaopikika, taratibu, chini ya zulia, na watu wanacheza juu yake.

Tukija kwenye yale matundu matano. Matatu ni waya wa moto, huu ndio umeme TANESCO wanaouita wa njia tatu. La nne ni nyutro, la tano ni ethi, waya wa usalama, na pini yake ni nene kuliko nyingine ili plagi isiweze kuingia kinyume. Kati ya waya wowote wa moto na nyutro ni volti 230. Kati ya waya wa moto na wa moto mwenzake ni volti 400. Rafiki yako akikosea tundu moja tu, mikisa yako inapokea 400, na haitakupa nafasi ya kujieleza.

Nawe utasema hawezi kukosea, atafuata rangi. Rangi zipi? Kwenye kumbi za zamani waya za moto ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Kwenye kebo za siku hizi waya za moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Soma tena. Bluu ya zamani ni moto, ya sasa ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro, ya sasa ni moto. Ukumbi uliojengwa zamani na kuongezewa vyumba juzi una zote mbili ndani ya ukuta mmoja, na aliyeziunganisha hayupo wa kuulizwa.

Halafu kuna nyutro yenyewe, na hapa ndipo nilipoguswa. Miaka ya nyuma nilifunga muziki wa harusi huko Kongwa, ukumbi wenye soketi kama hiyo yako. Asubuhi nilipima, volti zote safi. Usiku saa tatu, MC yuko kwenye kukaribisha meza kuu, taa za upande wa kushoto zikang'aa ghafla mpaka watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe zangu. Upande wa kulia zikafifia, feni zikawa zinajikokota. Nilichelewa labda sekunde kumi kuelewa. Mikisa ikakoroma mara moja ikanyamaza, amplifaya ikafuata, na nyuma ya jukwaa kukaanza kunuka kama samaki aliyechacha. Harufu hiyo ishike akilini, ni plastiki ya soketi inayoungua. Tulipoifungua, skrubu ya nyutro ilikuwa inazunguka kwa kidole. Waya ulikuwa mweusi, umekakamaa kama utambi wa kibatari.

Nyutro ikiachia, zile njia tatu zinabaki kugawana volti 400 bila msuluhishi. Njia yenye mzigo mkubwa inapata kidogo, yenye mzigo mdogo inajaziwa. Mikisa ilikuwa njia yenye mzigo mdogo. Ilikuwa ya kuazima, nikailipa kwa awamu tisa.

Kwa hiyo ufanye nini? Unahitaji sanduku la kugawia umeme. Linaingia kwa kebo ya mpira ya milimita 6 yenye nyaya tano na plagi nyekundu ya pini tano. Ndani kuna breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30 (inayokata umeme ukianza kuvuja), ile yenye kitufe cha T; dukani ukisema RCD watakuelewa. Baada yake kila tundu la kutokea lina breka yake ndogo, ampea 16 kwa soketi za bluu za kiwandani. Soketi za kawaida nazo ziwe na breka inayolingana na waya wake, na kila plagi ibaki na fyuzi yake. Birika likizidisha, linakata tundu la birika, muziki unaendelea. Usilitengeneze mwenyewe nyumbani kwa kuangalia video. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, alifunge na kulipima mbele yako. Kama mtaji haujafika, kodisha kwa wenye kazi kubwa. Wapo hapa mjini, na gharama yake iweke kwenye bei unayomtajia mwenye harusi tangu mwanzo.

Ukiwa na sanduku, gawa hivi: sauti yote kwenye njia moja, taa na mashine ya moshi njia ya pili, ya tatu waachie chakula na mapambo. Usitie gitaa njia moja na mikisa njia nyingine kwa sababu ya kutafuta uwiano. Hitilafu ikitokea pande zote mbili, kati ya kamba za gitaa na maikrofoni kunaweza kuwa na volti 400. Njia moja ya ampea 32 ni kama wati 7,300, na amplifaya zako kwa muziki wa kawaida hazifiki nusu ya hapo. Muziki una pumzi, hauvuti wakati wote kama pasi.

Kabla ya kuchomeka, soketi ipimwe. Kama hujawahi kushika multimita kwenye umeme wa njia tatu, mlipe fundi akupimie, nusu saa ya kazi yake ni rahisi kuliko mikisa. Kila moto na nyutro, karibu 230. Kila moto na ethi, karibu 230. Moto na moto, karibu 400. Nyutro na ethi, karibu sifuri. Mimi tangu Kongwa siishii hapo, maana nyutro iliyolegea inaweza kukupa namba nzuri soketi ikiwa haina kazi. Nina ubao wenye balbu tatu za zamani za waya, ya wati 100, ya 60 na ya 40, kila moja njia yake. Naziwasha zote kwa pamoja. Ile ndogo ikiwaka kwa hasira kuliko kaka zake, nafungasha nyaya zangu na kumwita msimamizi.

Kuchomeka ni breka ya ukumbi ikiwa imezimwa. Chomeka, washa breka, kisha mikisa, amplifaya mwisho, moja moja, maana zikiwaka zote pamoja zinavuta kwa mkupuo na breka inakata. Kuzima ni kinyume, amplifaya kwanza. Kebo ya kwenye gurudumu ifungue yote hata kama jukwaa liko hatua tatu. Ikibaki imeviringwa inajichemsha yenyewe. Na uliza LUKU ina yuniti ngapi. Ukumbi unaokula kilowati 10 unamaliza yuniti 10 kwa saa, na nimeona keki ikikatwa kwa tochi za simu.

Nikukumbushe la mwisho. Ukikuta soketi nyekundu ya matundu manne, kama zile za mashine za kusaga na za kuchomelea, hiyo haina nyutro. Kuna watakaokwambia utumie ethi kama nyutro. Itawaka kweli, na vyuma vyote vya jukwaa vilivyogusana na ethi hiyo vitakuwa njia ya kurudishia umeme. Toka hapo.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Waimbaji wetu wakigusa maikrofoni kwa midomo wanapigwa shoti, hasa yule anayeimba huku anapiga gitaa. Awali spika zilikuwa zinavuma sana, fundi mmoja akakata ile pini ndefu ya plagi ya amplifaya ya gitaa, mvumo ukaisha. Tunahisi tatizo ni kamba za gitaa kwa kuwa ni za chuma. Tubadilishe aina gani? (Mwalimu wa kwaya, Ipagala)

JIBU: Amina mwalimu. Kamba ziacheni. Amplifaya hiyo isiwashwe tena mpaka plagi ibadilishwe, hata kama ibada ni kesho.

Pini ndefu iliyokatwa ndiyo ethi. Ndani ya amplifaya waya wa moto ukigusa bodi, yaani kasha lake la chuma, ethi ndiyo inayoupeleka umeme huo nyumbani kwa haraka mpaka fyuzi ikatike. Bila pini, umeme unabaki kwenye bodi, unapanda kwenye waya wa gitaa, unakaa kwenye kamba ukisubiri. Mwimbaji wako ana mkono kwenye kamba na mdomo kwenye maikrofoni ambayo ethi yake ni nzima. Yeye sasa ndiye waya. Leo ni kuumwa midomo, pengine ni uvujaji mdogo tu. Siku transfoma ya ndani ikiharibika hautakuwa mdogo. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, Leslie Harvey, aligusa maikrofoni jukwaani mjini Swansea, huko Wales, na ethi haikuwa sawa. Alifia pale, mbele ya watu waliokuja kumsikiliza.

Mvumo mliokuwa nao ulitokana na ethi kupita njia mbili, ya plagi na ya waya wa sauti. Dawa yake iko kwenye waya wa sauti: nunueni kisanduku cha DI chenye swichi ya kuachanisha ethi, kikae kati ya gitaa na mikisa. Mchukue pia umeme wa gitaa, kinanda na mikisa kutoka sehemu moja, siyo gitaa ukuta wa madhabahu na mikisa ukuta wa mlangoni. Nimeona makanisa mawili yakipona mvumo kwa hilo la pili peke yake, bila kununua kitu.

SWALI: Fundi mwenzangu, huku Bahi tunapiga muziki kwa jenereta. Kutoka jenereta hadi jukwaani natumia waya wa njia mbili mita 50, kisha nachimbia nondo pembeni ya jukwaa na kufunga mabodi yote ya vyuma hapo kama ethi. Nondo inaingia kama nusu mita, ardhi ni ngumu. Inatosha? (Msomaji, Bahi)

JIBU: Mzee mwenzangu, haitoshi, na ungeizamisha mita mbili bado isingetosha, kwa namna ulivyofunga.

Ardhi yetu unaijua. Mvua inakatika Aprili, na kufika Septemba udongo ni mkavu kiasi kwamba nondo imesimama kwenye kitu kinachokaribia kuwa tofali. Tuseme njia ya umeme kupita ardhini, kutoka nondo yako hadi kwenye jenereta, ina ukinzani wa omu 100, na kwa kiangazi chetu hapo nimekuonea huruma. Waya wa moto ukigusa bodi ya spika, volti 230 gawanya kwa 100, unapata ampea 2.3. Breka ya jenereta ni ya 32 au 16. Ampea 2.3 kwake ni kama inzi amemtua ng'ombe. Haikati, bodi zote ulizofunga pamoja zinabaki na umeme, na wewe umezifunga kwa nia njema.

Badilisha waya uwe wenye nyaya tatu ndani yake (siyo umeme wa njia tatu). Ule wa tatu, kijani na njano, uende kutoka bodi za vyombo moja kwa moja hadi kwenye bodi ya jenereta. Hapo hitilafu inarudi kwa shaba badala ya kupitia vumbi, ampea zinakuwa nyingi, breka inakata, ilimradi nyutro ya jenereta imeungwa na bodi yake. Kwa mita 50 chukua milimita za mraba 4 kama unaweza; ya 2.5 ukivuta ampea 16 inakupotezea zaidi ya volti 10 njiani na bezi zinakuwa za kukohoa.

Ongeza breka ya kuvuja ya miliampea 30, lakini kwanza fundi akuangalizie kama nyutro ya jenereta imeungwa na bodi yake. Jenereta nyingi ndogo zinatoka hazijaungwa, na breka hiyo ikifungwa hapo inakaa kama pambo: ukibonyeza T inaweza kukata vizuri, lakini mtu akiguswa na umeme isikate. Nondo iweke pale kwenye jenereta, ndefu, imwagiwe maji jioni kabla ya kazi. Huo ni msaada wa pembeni.

SWALI: Fundi, maungio ya waya nikiyafunga kwa rambo badala ya tepu nyeusi kuna shida? (Ujumbe wa simu, bila jina)

JIBU: Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, bado unazo wapi? Kuna shida, ndiyo. Nailoni inayeyuka kabla hujasikia harufu. Na hata tepu nyeusi siyo ya waya unaokanyagwa jukwaani. Kata kipande kibovu, funga plagi na soketi ya kiwandani katikati, au nunua waya mzima.